Bakuli Tano za Uji

Mwaka 1948, watu wa Tororo, Uganda, walipokwisha kuhesabiwa, serikali ilitaka hesabu ya pili, ya kina zaidi, kwa kuchagua kijiji kimoja tu katika kila kumi. Osire, mkulima wa kijiji cha Petta aliyejua kusoma na kuandika, akaajiriwa kuwa karani. Hakuwa na wa kumuaga. Mkewe, Loy, alikuwa amekufa kwa ndui mwaka uliotangulia.

"Kila utakayemwandika anasimama badala ya watu kumi," msimamizi wake alimwambia. "Ukimkosa mtoto mmoja, umekosa kumi."

Alipelekwa kijiji cha Mella, kwa Wateso, ambao lugha yao hakuijua. Walimjibu kwa Kiswahili cha sokoni, maneno machache, kisha wakageukia kazi zao. Jioni alijipikia, akala peke yake.

Orodha ya hesabu ya kwanza ilikuwa na watoto sitini na mmoja. Yeye aliwapata thelathini na wanane. Swali la chanjo ya ndui lilipofika, kila mtu aliingia ndani.

Angeweza kunakili ile sitini na moja, na hakuna ambaye angejua. Lakini uani kwa Amuge, mama mmoja wa makamo, aliona bakuli tano za uji na mtoto mmoja.

"Mama, wengine wako wapi?"

"Kwa shamba ya mtama."

"Wananikimbia mimi?"

"Wewe naandika. Halafu mtu ya kuchanja nakuja na karatasi yako." Amuge aliendelea kupepeta ulezi. "Mwaka juzi alichanja Alungat, mtoto yangu. Kisu ilikuwa chafu. Mkono ikaoza. Nikamzika."

Osire aliweka kalamu chini.

"Mke wangu alimkimbia mchanjaji," alisema. "Ndui ikamuua."

Amuge aliweka ungo chini, akaita kwa Kiteso kuelekea shambani. Watoto wanne wakatoka, nywele zimejaa makapi. Majirani wakafuata, na kufikia Jumamosi Osire alikuwa na watoto hamsini na tisa, na pembezoni mwa fomu ameandika sababu za kila nyumba iliyokataa chanjo.

Msimamizi alikunja uso. "Hadithi hizi hazina safu kwenye fomu."

"Bwana, kama mtoto mmoja ni kumi, basi na Alungat ni kumi."

Msimamizi alizitazama zile karatasi, akaziweka kando. Kazi ikaisha, Osire akarudi Petta kwenye pamba yake. Hakupata kujua kama zilisomwa.

Wachanjaji walipokuja Petta kiangazi kilichofuata, aliwaomba wachemshe kisu kwanza. Walichemsha. Akakunja mkono wa shati, akawa wa kwanza. Alisimama peke yake katikati ya uwanja, damu kidogo ikimtiririka mkononi, majirani wakimtazama kutoka milangoni mwao. Hakuna aliyetoka.