Nilimpa Bi Zuwena Chui Asiyekuwa Wake

Jina langu usiliweke. Lakini kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nna hasira mpaka leo, na ninayemkasirikia kwanza ni mimi mwenyewe.

Tulipofika Maskati kutoka Unguja baada ya mapinduzi, hatuna mbele wala nyuma, Bi Zuwena ndiye aliyetupa chumba kwake Darsait. Mjane, naye wa Unguja, ila alitutangulia kuja. Tulikaa kwake bure mpaka mume wangu alipopata kazi, tukahamia nyumba ya jirani.

Basi chui akaonekana. Wachunga mbuzi walimwona juu ya wadi, lile bonde la mawe tunakofulia, na usiku akaanza kubeba mbuzi. Wa majirani wakaenda, wangu wakaenda. Wa Bi Zuwena hata mmoja!

Sababu ilikuwa wazi. Magharibi haijaingia, yeye kishaingiza mbuzi wake ndani, analala nao chumba kimoja. Matumbo ya samaki hatupi nje, anayafukia. Na kila siku akituhimiza: "Wanangu, msende wadini mmoja mmoja. Nendeni kundi, mpige masufuria." Sisi tukicheka.

Badala ya kumuiga, nikafungua domo langu! Kwetu tumekua tukiambiwa chui ana mwenyewe, mtu humfuga akamtuma. Tukifua, nikawaambia wenzangu: "Nyie hamshangai? Chui gani huyu anayechagua milango? Yule ana mwenyewe, na mwenyewe tunafua naye hapa hapa."

Ujinga gani ule! Kesho yake Bi Zuwena alipokuja na beseni lake, wote waliokota nguo zao wakamhama. Alinitazama mimi. Nikainamia nguo zangu.

Tangu hapo akawa anakwenda peke yake, juu zaidi, kwenye dimbwi la miambani. Yeye aliyetukataza! Asubuhi moja akamkuta chui anakunywa maji. Chui hakumgusa. Bi Zuwena alirudi kinyumenyume, akateleza kwenye mawe, nyonga ikavunjika.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na tulimsikia! Tulikuwa chini pale pale tunafua. Mmoja akasema, "Anazungumza na chui wake," tukacheka. Nami nilicheka. Mchunga mbuzi ndiye aliyemshusha mgongoni.

Baadaye wenyeji walimpiga chui risasi. Jike, amekonda, mbavu zote nje. Mtu gani afuge mnyama amwache na njaa ile? Na bado walikuwepo waliosema kuwa huyo siye, wa Bi Zuwena yungali hai.

Bi Zuwena hatembei tena. Hujikokota mpaka mlangoni. Nampikia, namwogesha, anapokea, lakini hanisemeshi. Nilipomwangukia kumwomba radhi, aliniuliza jambo moja tu: "Mlikuwa mnanisikia?"

Leo wale wanawake wanaapa hawakuniamini hata siku moja. Waongo wakubwa! Mbona hakuna aliyenyanyuka kwenda kumsaidia?

Nyinyi mnaokaa karibu na mabonde, sikilizeni. Mnyama akionekana, ingizeni mbuzi mapema, nendeni majini kundi zima, wala msimwache mtu nyuma, hata yule msiyempenda. Na akitokea mtu kukwambieni mnyama huyo ana mwenyewe, mfukuzeni yeye. Hata nikiwa mimi.