Mama Nyoosha na Maji ya Gesi

Mama mkwe wangu ni mgomvi. Nalisema mapema kabla hamjalisikia kwa wengine, maana mtaa mzima unalijua na yeye mwenyewe hulitaja kwa majivuno, kama mtu anayetaja cheo. Wateja walimpa jina la Mama Nyoosha kwa sababu ya pasi yake, lakini sisi tunaokaa naye tunajua kwamba hanyooshi nguo peke yake.

Ni dobi. Uani kwake huoni bustani wala kiti cha kupumzikia. Kuna karo za saruji za kufulia zilizojipanga ukutani, kamba za kuanikia zilizotanda kila upande, chumba cha pasi chenye joto la kukausha koo, na katikati kisima chenye mfuniko wa chuma na pampu ya umeme. Kisima hicho alichimbiwa na marehemu mumewe. Ndicho alichomwachia, pamoja na mtoto mmoja wa kiume, na sina hakika kati ya hivyo viwili anapenda kipi zaidi. Mtoto mwenyewe ndiye mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kutania.

Nilipoolewa tu, alinipa shuka nifue. Nikafua. Akaliinua juani, akalikagua kama daktari anayetazama picha ya mbavu, akanirudishia. Nikafua tena, akanirudishia tena. Safari ya tatu nililia palepale kwenye karo.

"Hayo machozi yana chumvi," akaniambia. "Suuza upya."

Nilimchukia kwa muda mrefu. Kisha nikaanza kuona watu wanavyozipokea nguo kwake, wanavyozinusa na kuzishika kwa ncha za vidole, nami nikajikuta navimba kichwa kana kwamba ni mimi niliyezifua. Hivyo ndivyo alivyoniteka.

Kampuni ya gesi ilikuja mtoto wetu wa pili akiwa bado ananyonya. Walituita mkutanoni wakatueleza kwamba gesi imenaswa ndani ya miamba, chini sana. Watatoboa ardhi, watasukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa kwa nguvu kubwa, miamba itapasuka na gesi itapanda juu. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Hakuna aliyeuliza maji hayo yakishapasua miamba yanakwenda wapi. Mimi nilikuwa nawaza mabati mapya.

Na mabati yalikuja, siwezi kuwadhulumu. Vijana waliokuwa wakishinda vibarazani walipata ajira. Mume wangu alipewa kuendesha boza, lile lori lenye tangi. Mama Nyoosha alipewa nguo zote za kampuni: ovaroli za mafundi, mashuka ya nyumba ya wageni, na mashati ya meneja na wenzake, ya bluu iliyokolea, yenye nembo kifuani. Akanunua mashine mbili za kufulia, akazifunika vitambaa kama wageni wa heshima.

Kumbe yale maji hurudi juu. Hurudi yamebeba chumvi ya huko chini, dawa walizotia, na uchafu mwingine wa miambani. Kazi ya mume wangu ilikuwa kuyachota visimani mwa gesi na kuyamwaga kwenye bwawa walilochimba nyuma ya mtaa wetu, lililotandikwa plastiki nyeusi. Tuliambiwa yatakaa humo mpaka yatakaposafishwa.

Baada ya mvua za kwanza, sabuni iligoma kutoa povu. Mama Nyoosha alimlaumu muuza sabuni. Alimrudishia katoni nzima dukani, akampa vidonge vyake mbele ya wateja, akamwita mchanganya unga. Alipobadilisha sabuni na hali ikawa ileile, alinilaumu mimi. Akaongeza sabuni, akaongeza tena, na nguo zikazidi kutoka ngumu, zinakwaruza, zina ukungu mweupe kwenye mishono. Pasi ilikuwa haitelezi tena, inakwama kama inapita juu ya mchanga. Mikono yetu ikaanza kuwasha. Fundi cherehani, jirani tunayepakana naye ukuta, alikuwa akichota maji kwetu, na mtoto wake mchanga akajaa vipele mgongoni.

Mume wangu siku zote hizo alikuwa akila haraka na kulala mapema. Nilimkalia kooni mpaka akasema, mimi na mama yake tukiwa chumba cha pasi.

"Ile plastiki imechanika, upande wa huku kwetu. Nilimwambia msimamizi. Akaniambia mimi nimeajiriwa kumwaga, siyo kukagua."

Nilidhani mama yake atapasuka. Badala yake alichomoa pasi kwenye umeme, akakaa juu ya rundo la ovaroli, akasema polepole, "Kisima cha baba yako." Ndipo nilipoona kwamba anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi yake.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hapo ndipo alipojichimbia shimo mwenyewe. Mwingine angepiga kelele na kuonyesha nguo zilizoharibika. Mama Nyoosha hawezi. Kwake, nguo mbaya kutoka nje ya lango lake ni aibu kuliko kutoka yeye mwenyewe bila nguo. Akaanza kununua maji kutoka mbali, yaliyoletwa kwa mapipa, akayatenga kwa ajili ya nguo za kampuni peke yake. Zetu na za majirani zikaendelea na kisima. Mashati ya meneja yakaendelea kung'aa.

Malalamiko ya mtaa yalipozidi, kampuni iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Fundi cherehani alisimama na mtoto wake, akamfunua mgongo. Meneja alimsikiliza kwa upole, na kwa kweli alikuwa mtu mpole, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. Kisha akashika kola ya shati lake.

"Ndugu zangu, shati hili linafuliwa hapahapa kwenu, kwa Mama Nyoosha. Litazameni. Lina doa? Lina kasoro gani? Kama maji ni mabaya, hili limetakata vipi?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Nyoosha. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona akikosa neno aliinamisha kichwa akatazama kandambili zake. Nje, fundi cherehani alimsubiri mlangoni.

"Kumbe maji mazuri unayo. Unawapa wao, sisi unatupa sumu."

Mama Nyoosha alipita pembeni yake, akashika njia ya nyumbani.

Siku zilizofuata alizunguka nyumba hadi nyumba, kwa miguu yake, akiomba radhi. Niliandamana naye. Kuomba radhi hakujui, hivyo nusu ya nyumba alitoka amegombana nao upya, lakini walimwelewa. Tena akawaambia waandike barua moja kwa idara ya maji, na wakaandika. Idara ikajibu kwamba mkaguzi atakuja, kutakuwa na mkutano mwingine, na kampuni nayo ihudhurie.

Jioni ile, tukila, Mama Nyoosha alitangaza, "Safari hii mashati yao nayafua kwa maji ya kisima."

Mume wangu aliweka kijiko chini. "Mama, kibarua changu kitaota nyasi. Na chako pia."

"Na kisima je?"

"Watoto watakula kisima?"

"Watakunywa nini?" akamjibu.

Mume wangu akaondoka mezani. Mimi nilibaki katikati yao na sahani, nikitamani wote wawili wawe na makosa ili nipate wa kumkasirikia. Sikumpata.

Tuliyafua. Alisimamia kila hatua, na wakati wa kupiga pasi alinitandikia kitambaa kibichi juu ya kila shati, mvuke ukalaza chumvi yote ndani ya uzi. Yalitoka laini, karibu meusi kwa bluu yake, mazuri kabisa. Tuliyapeleka nyumba ya wageni asubuhi ya mkutano, yamekunjwa, ili pasiwe na nafasi ya kubadilisha.

Ukumbi ulifurika, watu wakasimama hadi madirishani. Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani na sanduku la chupa ndogo. Madereva wa maboza walikaa safu ya nyuma na ovaroli zao, mume wangu kati yao, hanitazami. Meneja na wenzake walikaa mbele, juani, karibu na madirisha, wakaanza kutokwa na jasho.

Mwanzo ilikuwa kujikuna kidogo tu. Mmoja alipitisha kidole ndani ya kola. Mwingine akajipangusa shingo, akajipangusa tena. Mashati yalivyoloa jasho na kukauka, mistari myeupe ikaanza kujichora migongoni, makwapani, kuzunguka nembo. Meneja aliposimama kuzungumza, mabega yake yalikuwa yamejaa mawimbi meupe na shingo imekuwa nyekundu. Watu wakaanza kunong'onezana. Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele.

Mama Nyoosha akasimama.

"Bwana meneja, samahani. Shati lina nini?"

Meneja akajitazama. Macho yakamtoka.

"Mwanzo nilikuwa nakufulia kwa maji ya kununua," akasema. "Nilikuwa naona aibu kukupa nguo mbaya. Nikakupa wewe maji mazuri, nikawapa hawa mabaya. Nimewaomba radhi. Leo nimekufulia kwa maji ya kisima changu, yaleyale unayosema ni mazima. Umeyavaa muda gani? Mtoto wa fundi cherehani anayavaa kila siku."

Hapo ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti wa mtaa aligonga meza mpaka akachoka.

Meneja hakuwa mjinga. Aliposikika tena alisema kwamba shati halithibitishi lolote, kwamba dobi anaweza kutia chochote kwenye karo, kwamba bwawa limetandikwa plastiki imara na halivuji. Akamgeukia mkaguzi. Nikaona mkaguzi akiitikia kwa kichwa taratibu, kwa haki, maana ni kweli, shati peke yake si ushahidi.

Ndipo kiti cha nyuma kilipokwaruza sakafu.

"Linavuja," mume wangu akasema. Alikuwa amesimama na ovaroli ya kampuni, kofia mkononi. "Mimi ndiye ninayemwaga. Plastiki imechanika na wakubwa wanajua. Mama mkaguzi, twende nikuonyeshe. Lete na chupa zako."

Nililia kwa sauti, wala sioni haya. Mama yake hakulia. Alisimama wima akimtazama kana kwamba ndiyo kwanza amezaliwa.

Tulikwenda wote bwawani, msururu mrefu kama wa harusi. Mkaguzi alijaza chupa zake bwawani, kisha kisimani kwetu, kisha kwa majirani. Mume wangu alisimamishwa kazi siku hiyohiyo. Kesho yake madereva wenzake waliegesha maboza yao mbele ya lango la kampuni, wakashuka, wakakaa kivulini chini ya matangi na kukataa kugusa usukani mpaka arudishwe. Hakuna aliyewaagiza. Visima vya gesi vikafurika maji yasiyo na pa kwenda, na kabla wiki haijaisha kampuni ikamwita arudi kazini.

Majibu ya idara yalipotoka, yalisema tulichokijua: maji ya bwawa na ya kisima ni ndugu. Kampuni iliamriwa kulikausha bwawa na kulifukia, kupeleka maji yake yote kwenye mtambo wa kusafishia, mbali na makazi ya watu, kuvuta bomba la maji safi hadi kila nyumba mtaani, na kumtibu yule mtoto. Kisima chetu mkaguzi alisema kitachukua miaka kupona, na hakutuficha. Lakini hakipokei sumu tena. Mama Nyoosha alimsikiliza, akasema, "Nitakisubiri. Mimi siendi popote." Nguo za kampuni zilihamishiwa kwa dobi mwingine. Siku bomba lilipofika, mtaa mzima ulimletea nguo, hata zilizokuwa safi.

Siku ya kulikausha bwawa, maboza yalipanga foleni, na la kwanza likapewa mume wangu. Tangi lilipojaa, aliteremka, akamfungulia mama yake mlango wa abiria. Mama Nyoosha alikuwa hajawahi kupanda gari lile. Siku zote alisema linanuka. Safari hii alipanda kwa kushikwa mkono, kilemba kimepigwa pasi, akashusha kioo na kutoa kiwiko nje.

Walipita katikati ya mtaa honi ikilia. Fundi cherehani alitoka na mtoto begani, mgongo wake laini kabisa, wakapunga mikono. Muuza sabuni naye alitoka. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni na wanangu, nikipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na mume wangu, mwenye haya kama kawaida yake, akaanza kukanyaga mafuta ili tutoke haraka machoni pa watu.

"Punguza mwendo, wewe," nikamsikia mama yake akimfokea. "Kuna watu hawajaniona."