Unga Mweupe Kwenye Uji wa Mama

Habari za kreatini nilizipata kwenye simu, mahali nilipojifunzia karibu kila kitu ninachokijua. Hata ufundi wa simu, ambao ndio kazi yangu pale Mkuyuni, sikuusomea popote. Nilitazama, nikasoma, nikaharibu, nikarudia mpaka ikakaa sawa. Kwa hiyo mama alipoanza kusahau nilifanya ninachokiweza. Nilikaa nikasoma.

Wakati huo daktari alikuwa ameshatueleza kwamba huu ni ugonjwa wa kumbukumbu, kwamba utaendelea, na kwamba dawa alizoandika hazitaurudisha nyuma. Alisema kwa upole. Nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza mteja anayeeleza jinsi simu yake ilivyoingia maji: nasubiri amalize, niifungue nione mwenyewe. Nilitaka jambo moja tu. Mama asifike mahali pa kutonijua.

Kreatini ni unga wanaotumia wanyanyua vyuma. Mwili wenyewe huitengeneza, nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki, na ubongo nao huitumia katika kupata nguvu. Kuna watu wanaochunguza kama kuiongeza kunaweza kusaidia kumbukumbu. Wenyewe wanaandika kwamba ni mapema mno kusema. Sentensi hiyo niliikuta kila mahali, na kila mahali niliiruka.

Unga niliununua Buzuruga, kwenye chumba cha mazoezi kilicho nyuma ya duka la vipuri.

"Wa kwako huo?" aliuliza mwalimu wa mazoezi, akiitazama mikono yangu.

"Wa mama."

"Mama anashindana lini?"

Waliokuwa kwenye vyuma wakacheka. Nilicheka nao, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya, lakini ndani hapakuwa na kitu. Siku zile ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa nasubiri kulia kama mtu anavyosubiri chafya, na haikuja.

Nilipomweleza daktari, aliagiza mama apimwe figo kwanza. Majibu yalipotoka salama alisema hakatazi, ila hatarajii kitu. Nikaichukua ile "sikatazi", nikaondoka nayo.

Tunaishi Nyakato, mama, dada yangu mkubwa na mimi, karibu na kiwanda cha samaki ambako mama alikata minofu ya sangara mpaka alipostaafu. Kila asubuhi nilipika uji wa ulezi, nikapima unga kwa mzani mdogo nilioazima kwa sonara, nikakoroga. Kisha nilimuuliza maswali. Leo siku gani? Jana tulikula nini? Mimi ni nani? Akijibu vizuri siku yangu ilikwenda. Akikosa, nilishinda kibandani nikifungua simu ambazo hazikuwa na tatizo.

"Unamfanyisha mama mtihani kabla hajanawa uso," dada alisema.

"Nataka kujua kama unga unasaidia."

"Akifeli, anarudia darasa?"

Niliurudia mzani. Ninapoogopa huwa narekebisha vipimo.

Halafu ikaja asubuhi moja ambayo niliamini nimeweza. Alikuja mwanamke mmoja aliyefanya kazi na mama kiwandani, hawakuwa wameonana kwa muda mrefu. Mama alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Walianza kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, mwangaluka, wakaenda nayo taratibu mpaka wakaingia kwenye Kiswahili. Watoto? Hawajambo. Wajukuu? Wanakua. Ng'ombe je? Wapo. Mvua huko kwenu? Imenyesha kidogo. Mama hakukwama hata mara moja. Aliuliza, akaitikia, akatulia pale pa kutulia, akacheka pale pa kucheka. Nilisimama na sufuria mkononi. Nilifikiri: unga umefika kwenye ubongo.

Mgeni alipoondoka nilimkimbilia mama.

"Umefurahi kumwona?"

"Sana," alisema. "Ni nani yule?"

Dada alikuwa anafagia uani. Hakuinua kichwa. "Salamu haihitaji kumjua mtu," alisema. "Hata sisi tunasalimiana na watu tusiowajua mpaka tunafika kwa ng'ombe wao."

Ndugu zetu wote walikuwa wamekosea hivyo hivyo kabla yangu. Walipiga simu, mama akawasalimia mpaka mwisho wa ukoo, wakakata wakisema mama yuko mzima. Mimi, niliyejiona msomi wa jambo hili, nilikosea nikiwa nimesimama mlangoni.

Niliendelea na unga. Sijui kueleza kwa nini. Mikono ilikuwa imezoea.

Asubuhi nyingine nilitoka kununua maziwa. Niliporudi, mama alikuwa amesimama sebuleni. Aliponiona akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo."

Nilidhani anamwambia mtu nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

"Shikamoo," alirudia, na uso wake ukaanza kuingia wasiwasi, kama mtu anayejiuliza amemkosea nini mkubwa huyu hata haitikii.

"Muitikie," dada alisema kutoka jikoni. "Umemwacha mama amesimama."

"Marahaba," nilisema.

Mabega yake yakashuka. Akanionyesha kiti, karibu, karibu ndani. Nikakaa. Dada akaleta uji niliokuwa nimeupika, akatuwekea mezani bila kuniangalia.

"Umetoka mbali?" mama aliuliza.

"Hapo tu, Mkuyuni."

"Kijana wangu naye yuko Mkuyuni. Anatengeneza simu."

"Namfahamu."

"Anahangaika yule," alisema. "Tangu mdogo. Kitu kikipinda kidogo tu, hapati usingizi." Akakivuta kikombe, akanywa, akapitisha ulimi kwenye meno. "Huu uji anaupika yeye. Una mchanga."

"Mchanga?"

"Chini hapa. Kila siku."

"Kwa nini humwambii?"

Alinitazama kama ninauliza jambo la kitoto. "Atafikiri amekosea," alisema. "Na wewe usimwambie."

Nilimwahidi kwamba sitamwambia. Akanywa taratibu mpaka chini kabisa, akafuta mdomo kwa upande wa khanga, akaniuliza kama nyumbani kwangu hawajambo. Nikasema hawajambo. Akauliza mama yangu je, anaendeleaje.

"Yupo," nilisema.

"Msalimie."