Siku Lyle Hruska Alipokwenda Kumwona Mwanawe Akirusha

Lyle Hruska ni jirani yangu kwa miaka thelathini sasa, fundi wa pampu za visima huku kwetu Nebraska. Si mtu wa maneno mengi. Pampu ikikwama futi mia mbili chini ya ardhi, yeye hulaza sikio kwenye bomba, akasikiliza, kisha akakuambia kilichokatika. Ndiyo maana jambo la Trent lilimtesa kuliko ambavyo lingemtesa mtu mwingine: hakuwa na mahali pa kuliwekea sikio.

Trent ni mwanawe wa pekee. Tangu sekondari alikuwa mrushaji wa besiboli wa kutisha, na alipomaliza chuo timu kubwa ilimsajili, ikampeleka ligi za chini, kwenye vile viwanja vya miji midogo ambako vijana husubiri kuitwa juu. Miaka mitatu alipanda ngazi moja moja. Mwaka wa nne, mwezi wa Aprili, mkono ukamkataa. Haukuuma. Madaktari waliupiga picha wasione kitu. Hakuweza tu kuupeleka tena mpira pale alipotaka uende. Alimpigia baba yake simu, akamweleza kwa maneno machache, mwisho akamwomba asije kumtazama mpaka mambo yatengemae.

Lyle alivumilia hadi Julai. Ndipo akaniomba nimwendeshe mpaka Illinois, maana jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho na barabara kuu haiamini. Mkewe, Janelle, alikataa kwenda. Alisema mtoto akikuambia usije, usiende. Tulisafiri siku nzima katikati ya mahindi, tukalala kwenye hoteli ya kando ya barabara, na kesho yake saa sita mchana tukawa tumeketi katika uwanja wa mji mdogo wa Harlan Falls, safu za nyuma, Lyle ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi.

Ilikuwa mechi ya Jumatano. Watoto wa kambi za kiangazi walijaa upande wa pili, na mtu aliyevaa vazi la kambale, maana timu yenyewe inaitwa Kambale, alizunguka akiwapungia. Kwa zamu sita kati ya tisa za mchezo Trent hakuonekana. Lyle alininunulia mkate wa soseji, akanunua na wake, akaushika tu mkononi mpaka haradali ikamchuruzikia kidoleni. Mimi niliomba moyoni kijana asiitwe.

Zamu ya saba akaitwa.

Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji ukagonga wavu. Wa pili ulijichimbia mchangani. Mipira minne ikienda nje, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure; wa kwanza akapewa, wa pili akapewa, wa tatu naye. Safu mbili mbele yetu, jamaa mmoja mnene mwenye bia mkononi akawa amepata kazi.

"Wee kijana, huo mpira una miiba?" Watu wakacheka. "Mwamuzi, mchoree ramani basi! Mpigaji yuko huku, siyo kwa wauza bia!"

Nilimwambia Lyle tutoke nje. Alitikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa imeshikana katikati ya magoti, na kila Trent aliponyanyua mguu kurusha, bega la Lyle nalo lilisogea kidogo.

Jamaa akageuka kutafuta wa kucheka naye, macho yake yakamwangukia Lyle. "Mzee wangu, hata wewe ukishuka pale saa hizi unamshinda yule. Au nasema uongo?"

"Ni mwanangu," Lyle akasema.

Hakusema kwa hasira. Jamaa akavua kofia. Akamnong'oneza mkewe, mkewe akamwambia aliyekaa mbele. Niliiona habari ikishuka safu kwa safu na kelele zikizimika nyuma yake, mpaka upande wetu wote ukanyamaza. Walitaka kumsitiri Lyle. Lakini aliyezoea kuzomewa hushtushwa na ukimya. Trent alisita, akageuka kutazama kulikoni. Nyuso zote za upande wetu zilikuwa zinamtazama mzee mmoja mwenye kofia. Akamwona baba yake.

Lyle aliinua mkono nusu, akaushusha.

Mpira uliofuata ulimpata mpigaji chini ya jicho. Alianguka kama gunia. Trent alimkimbilia, akapiga magoti kando yake, akawa anasema neno lile lile, nadhani samahani, mpaka wahudumu wakamsogeza. Yule kijana aliinuka na kutoka kwa miguu yake, taulo usoni. Kocha alikuja uwanjani kumtoa, akanyoosha kiganja, na Trent akauweka mpira ndani yake.

Tulimsubiri kwenye mlango wa wachezaji. Alitoka na begi lake, nywele zimelowa.

"Nilikuambia usije, baba."

"Najua."

Kisha Lyle akaanza kumweleza kuhusu kiwiko, jinsi alivyokiona kikishuka kabla ya mpira kutoka mkononi. Trent alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza.

"Siyo kiwiko, baba. Kila mtu ana lake. Huyu kiwiko, yule mguu, mwingine pumzi. Ningekuwa najua ni nini, si ningekuambia?"

Lyle akamuuliza kama amekula. Trent akasema basi la timu linaondoka, kesho wanacheza Wisconsin. Wakakumbatiana, akaenda.

Agosti timu ilimwacha. Sasa yuko Omaha, anauza matairi, na ana mchumba. Besiboli haitaji, wala hatumuulizi. Juzi, tukiwa ndani ya gari tunasubiri theluji ipungue, Lyle aliniuliza, "Ungekuwa wewe, ungemwambia yule jamaa ni mwanao?"

Nikamjibu kwamba mzazi yeyote angesema. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama kioo. Hakuniamini.