Mwanaume wa Kanda ya Kifaransa

Nimefungua kabati la mama hapa Kibomet, nikakuta kanda ya kaseti ya dada, ya kujifunzia Kifaransa. Bado inanuka moshi wa koroboi.

Dada alikuja nayo likizo kutoka shule yake ya Bungoma. Mwanaume wa kwenye kanda alikuwa anataja msemo wa Kiingereza, kama "give up", ananyamaza ili dada aseme Kifaransa chake, halafu anatoa jibu. Mama hakumwamini.

"Huyo mwanaume anangoja aambiwe nini?" aliniuliza akisonga ugali, sikio liko kwa mlango wa chumba cha dada.

Jioni moja akanituma nimwite dada tule. Chumbani, redio ya kaseti ilikuwa inaongea peke yake. Dirisha lilikuwa wazi, na dada hayuko.

"Come back," mwanaume akasema, akanyamaza.

Nikasikia mwiko umetulia kwa sufuria. "Mbona hajibu?" mama akaita.

"Revenir!" nikasema kwa sauti ya dada, maana neno hilo nilikuwa nimelisikia kila siku. Mwiko ukaanza tena.

Dada aliingia kwa dirisha kabla ugali haujapoa. Hatujawahi kuliongea.

Sasa mama ananitazama nikipangusa kanda.

"Siku ile ulimwiga vizuri," anasema. "Lakini dada yako hakuwa anajibu haraka hivyo."