Mwana wa Mwami Aliyefia Mount Druitt

Nilikuwa kwenye foleni ya bucha pale Merrylands, hapa Australia, simu ilipolia, nikaambiwa kwamba mwana wa mwami amefariki hospitalini. Ndivyo tulivyomwita sote, hata sisi Watanzania na Wakenya tusio na mwami, yaani mtawala wa jadi, wa kumtii. Jina alilopewa na mama yake wengi wetu hatukulijua. Alikuwa mtu wa Kivu, mkazi wa Mount Druitt, dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, katika ghala moja la Wetherill Park, mpole, mwenye mgongo uliomsumbua kila siku. Watu wake walimwinamia kwa sababu ya babu mmoja wa karne ya kumi na nane, mwami wa kilima kimoja kule kwao, ambaye watawala wote waliofuata walitoka katika nyumba yake. Marehemu alivijua kwa moyo vizazi vyote tangu babu huyo hadi baba yake mwenyewe, na hapakuwa na sherehe ambayo hakuombwa avitaje.

Mara ya kwanza kukaa naye karibu ilikuwa harusini. Alikuwa amewekwa peke yake mbele ya ukumbi, kwenye kiti kikubwa, na chakula chake kimefunikwa kitambaa, kwa kuwa mtu wa nyumba ile haruhusiwi kuonekana akila. Alipomaliza kutaja nasaba yake watu walisimama na kupiga vigelegele. Kisha muziki ukaanza, wote wakaenda kucheza, yeye akabaki pale na sahani yake iliyofunikwa. Mimi, mgeni nisiyejua miiko, nikaenda kumsalimu. Akaniinamia sikioni: “Ndugu yangu, miye njaa inaniuma. Na ule wimbo ninaupenda sana.” Nikacheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Siku hiyo tulirudi kwa treni moja, na baada ya kubadilisha pale Blacktown akanisimulia habari za babu yule kama alivyozipata kwa bibi yake, si kama anavyozitaja ukumbini. Ukumbini husemwa kwamba baba wa babu huyo alipofariki, yeye, angali kijana, alikabidhiwa ngoma ya utawala, akatawala kwa muda mrefu, akazaa watoto wengi. Bibi alisema kijana hakuutaka utawala. Alikuwa akiishi kwa wakwe zake, akichunga ng’ombe, akimpenda mkewe. Aliposikia wanamtafuta alitoroka naye kuelekea msituni, wakamkamata mtoni, wakamrudisha amefungwa kamba na kumkalisha mbele ya ngoma. Kwa mwiko wa utawala hakuteremka tena kilima kile mpaka alipokufa. “Kila harusi,” akaniambia huku akitazama dirishani, “watu wanasimama kumupigia mufungwa vigelegele.”

Nilimuuliza kwa nini hazisimulii habari hizo hivyo mbele ya watu. Akasema wazee wangemwona anautukana ukoo, na ukoo ndicho kitu pekee walichofanikiwa kutoka nacho vitani. Hilo nililielewa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wake, akashushwa katika mji ambao hakuna anayejua alikuwa nani, atamshikilia mtu kama huyu kwa mikono miwili. Nilichochelewa kuelewa ni uzito aliobebeshwa mwenyewe. Daktari alipomwonya kuhusu mgongo, aliamua kusomea kazi ya kutunza wazee; alipenda kukaa na wazee na kuwasikiliza. Wazee wa ukoo wakamjia sebuleni. “Mwana wa mwami haoshi watu,” wakamwambia. Kuendesha foklifti kulivumilika, kwa sababu mtu hukaa juu. Akaacha masomo, akarudi ghalani, akaendesha mpaka mwili ukakataa. Nilipomtembelea hospitalini alikuwa akizungumza na mzee wa kitanda cha jirani, Mwaustralia asiyetembelewa na mtu, na alikuwa amemshika mkono.

Kwenye maziko alisifiwa sana, na kila msemaji alirudia kwamba hakupata kuivunja heshima ya nyumba yake. Nilimwangalia mwanawe, kijana fundi umeme, anayeelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesomewa hukumu. Watu walipokuwa wakila, mkubwa wa wazee alimwendea mjane, akamwambia kwa adabu zote kwamba siku imekwisha kupangwa, na kijana atakalishwa mahali pa baba yake. Mama yule, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaweka sahani chini.

“Hapana, baba. Bwana yangu nimemuzika leo. Mutoto sitamuzika.”

Mzee alirudi kukaa. Kijana akaja, akasimama kando ya mama yake, na kwa Kiswahili cha kusitasita akasema, “Asante, Mama.”

Sisi tuliofika huku na vyeo vya makwetu tuna haki ya kuwafundisha watoto majina ya babu zao, wayajue na wajivunie. Lakini kabla ya kuwakalisha popote tuwaulize kama wanataka, na wakikataa tuwasikie wangali hai.