Kigelegele cha Kwanza

Juzi, katika ukumbi mmoja hapa Riyadh, mbunge kutoka Kenya alikuja kutuahidi sisi wafanyakazi wa ndani sheria ya kutulinda. Wenzangu walimpigia vigelegele. Mimi harufu ya udi wake niliitambua kabla ya sura.

Nilikuwa mtoto, tukikaa Jeddah, karibu na bandari alikofanya kazi baba. Mchana mmoja mheshimiwa huyu, kabla hajawa mbunge, alikuja kwetu na halua. Enzi hizo biashara yake ilikuwa kuwatafutia matajiri watumishi. Mama mdogo Zuhura, aliyewasili kutoka Mombasa siku iliyotangulia, alimmiminia kahawa ya iliki. Mgeni alimtazama viganja, akamuuliza kama anajua kupika na kulea, kisha akaitia pasipoti ya mama mdogo mfukoni mwake.

"Halas, mzee, tumemaliza," alimwambia baba. "Kesho nampeleka Riyadh."

Nilidhani ni posa. Nikapiga kigelegele kwa pumzi zangu zote.

"Nyamaza, mwanangu," mama alininong'oneza.

Mama mdogo alitupigia simu mara mbili, akilia. Simu ya tatu haikuja, wala yeye hakurudi.

Juzi walimshangilia mheshimiwa mpaka akainua mikono. Hawakujua kwamba kigelegele chake cha kwanza nilikipiga mimi.